Msonge wa Kijitonyama na Miwani ya Mdogo Wangu

Nimekuwa kimya kama wiki mbili hivi. Kazi za chumba cha habari mnazijua, ukimaliza ya leo ya kesho inakusubiri mlangoni. Lakini kuna jambo limenikaa kooni na nisipolitema halitashuka.

Ukikaa Dar es Salaam huwezi kuepuka neno Makumbusho. Makonda wanaliimba kuanzia alfajiri. "Makumbusho, Makumbusho, siti zipo!" Stendi inaitwa Makumbusho, mtaa unaitwa Makumbusho, hata kata inaitwa Makumbusho. Sasa fanya utafiti mdogo. Siku ukiwa ndani ya daladala inayoishia pale, muulize jirani yako kwa nini panaitwa hivyo. Mimi nimewauliza watu wanane kwa nyakati tofauti. Watatu walijua kwamba kuna makumbusho kweli. Mmoja tu alikuwa ameshaingia, tena zamani, akiwa darasa la tano na sare ya shule. Mji wetu una tabia hii ya kubaki na jina wakati wenye jina wamesahaulika. Magomeni Mapipa, hayo mapipa nani kayaona?

Tofauti ni kwamba hapa Kijitonyama wenye jina bado wapo. Makumbusho ya Kijiji yapo pale pale kando ya barabara ya Bagamoyo tangu mwaka 1967, chini ya Makumbusho ya Taifa. Kwa ambao hamjafika, ni eneo la wazi lenye miti, na ndani yake zimejengwa nyumba za makabila mbalimbali ya Tanzania kwa udongo, miti na nyasi, kwa kipimo ambacho mtu mzima anaingia na kukaa. Kuna msonge wa Wahaya, kuna tembe la Wagogo, kuna nyumba ya Wachagga iliyofunikwa majani kama kichuguu, kuna ya Wazaramo, ambao ndio wenyeji wa mji huu kama tumewasahau. Pale pia ngoma zimekuwa zikichezwa mbele ya wageni, ngoma za ngozi na jasho.

Swali ambalo limegawa familia yetu ni hili: je, vitu vya namna hii vina haki ya kuendelea kuwepo? Simaanishi kama vina sifa nzuri. Hilo kila mtu atakubali mdomoni, halafu Jumamosi aende zake kwenye michezo ya maji Kunduchi. Namaanisha kwenye mji ambao kila hatua moja ya ardhi ina mtu anayeipigia hesabu, tuendelee kutengeneza kwa mikono kitu ambacho mvua inakila kila mwaka?

Anayesema hapana ni mdogo wangu. Yeye ni fundi wa kompyuta, na ana biashara yake ya pembeni. Amenunua miwani ya VR, ile inayofunika uso mzima, na sikukuu za Idd huwa anaweka meza Mbagala karibu na viwanja vinakofungwa mabembea. Mtoto anavaa, anazunguka angani dakika tano, anavua akiwa na kizunguzungu, analipa. Foleni yake huwa ndefu kuliko ya mwenye bembea. Kwa hiyo anapozungumza kuhusu burudani, anazungumza kama mfanyabiashara mwenye ushahidi mfukoni.

Hoja zake nitazieleza bila kuzipunguza, maana si mjinga. Anasema, kwanza, zile nyumba si za kale. Nyasi zimebadilishwa, fito zimebadilishwa, udongo umekandikwa upya mara nyingi. Wewe unaita historia, yeye anaita nakala ya nakala. Pili, hakuna anayeishi mle, na hata huko zilikotoka watu wamehamia kwenye bati na tofali siku nyingi, hivyo unamwonyesha mtoto maisha ambayo hata bibi yake Bukoba hayaishi. Tatu, gharama haiishi. Ukiezeka leo, baada ya miaka michache unaezeka tena. Piga picha kila ukuta, anasema, piga kila kona, tengeneza kijiji kizima ndani ya miwani, mtoto wa Temeke akione bila kupanda magari mawili. Halafu ardhi ifanyiwe jambo la maana.

Hoja ya kwanza ina kichekesho ambacho mdogo wangu hakijui kwa sababu alizaliwa juzi. Hata siku makumbusho yanafunguliwa, nyumba zile zilikuwa za maonyesho. Mwaka 1967 ndio mwaka wa Azimio la Arusha. Taifa lilikuwa changa, Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ilikuwa imeundwa miaka mitano tu nyuma, na kazi iliyokuwepo ilikuwa kuonyesha kwamba Mhaya na Mzaramo wanaweza kukaa kwenye uwanja mmoja bila kugombania mpaka. Lakini serikali hiyo hiyo, kwenye miaka hiyo hiyo, ilikuwa inawabana Wamasai waache lubega wavae suruali. Miaka ya 1970 watu wakahamishiwa vijijini na kuhimizwa wajenge nyumba bora, na nyumba bora haikuwa tembe. Kwa hiyo tembe likaambiwa lipotee Dodoma na libaki Kijitonyama. Mtu akisema Makumbusho ya Kijiji yana uigizaji ndani yake, simbishii. Yalikuwa jukwaa tangu mwanzo.

Ila jukwaa zuri halidharauliwi kwa kuwa jukwaa.

Hapa nimlete babu. Babu yetu mzaa mama ni Mzaramo wa Kisarawe, amekaa Temeke tangu ujana wake, na kazi iliyomsomesha mama yetu ni kushona makuti. Wengi mnasikia "makuti" mnafikiria baa ya ufukweni. Mwenyewe atakuambia kuna kuti la kumba, ambalo ni tawi zima la mnazi linapasuliwa na kusukwa, hilo ni la ua na kuta. Halafu kuna kuti la kuezekea, ambapo unakunja ujani mmoja mmoja juu ya ufito na kushonea kwa kamba, ukibana bila kuacha mwanya. Kazi inaonekana rahisi mpaka ujaribu. Paa lina lugha yake pia: makombamoyo, mtambaapanya, pau, kamba za miyaa. Mkisikia maneno hayo leo mnadhani ni majina ya dawa.

Nilimpeleka babu Kijitonyama kwa ajili ya makala niliyokuwa naiandaa. Nilitaka aniambie kuhusu nyumba ya Kizaramo, lakini yeye akaenda kusimama ndani ya msonge. Kwa ambaye hajauona, msonge ni nyumba ya duara ambayo paa na ukuta ni kitu kimoja, nyasi zinashuka kutoka kileleni mpaka karibu na ardhi, na mlango uko chini kiasi kwamba unaingia umeinama kama unasalimia wakubwa. Ndani kuna giza la ubaridi. Babu alinusa. Alinusa kabisa, kama mtu aliyeingia jikoni. Akasema, "Hamna moshi humu."

Nikamwambia, babu, hapa ni makumbusho, nani atapika?

Ndipo akanipa somo ambalo sijalisahau. Nyumba ya nyasi inaishi kwa moshi. Mahali pa kuwasha moto ndani ya msonge, au jiko la mafiga kwenye nyumba ya makuti, havikuwepo kwa ajili ya ugali peke yake. Moshi unapanda kila siku, unakausha nyasi kutoka ndani, unafukuza wadudu, unapaka miti ya juu ule weusi unaong'aa ambao mchwa hawaupendi. Nyumba yenye watu, moto na mbuzi inadumu. Nyumba hiyo hiyo ukiifagia vizuri, ukazima moto na kuweka kibao cha maelezo mlangoni, inaanza kuoza. Yaani kinachoizeesha ni heshima tunayoipa.

Nimelifikiria sana jambo hili. Kila tunapozungumza juu ya vivutio vilivyozeeka tunazungumza kana kwamba umri ndio ugonjwa. Msonge wenye watu unaweza kumzika aliyeujenga.

Na kuhusu ile hoja ya nakala ya nakala, majirani zetu wana jibu. Kasubi, nje kidogo ya katikati ya Kampala, kuna makaburi ya makabaka wanne wa Buganda. Jumba kubwa lililowahifadhi, Muzibu-Azaala-Mpanga, lilijengwa mwaka 1882 kama ikulu ya Mutesa wa Kwanza, paa la nyasi la kutisha kwa ukubwa. UNESCO iliyaingiza makaburi hayo kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Tarehe 16 Machi 2010 jumba likaungua usiku mmoja. Kwa hoja ya mdogo wangu, hapo ndipo mambo yaliishia, weka picha kwenye miwani, nenda nyumbani. Lakini Waganda wana ukoo mzima, Ngeye, ambao kazi yake ya urithi ni kuezeka nyumba za kabaka. Ikachukua miaka mingi, na maneno yakawa mengi vilevile, ila paa likarudi, na mwaka 2023 UNESCO ikayatoa makaburi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Nyasi zilizoungua hazikurudi hata unyasi mmoja. Kilichookoka ni ujuzi uliokuwa mikononi mwa watu. Wajapani wamelifanya hilo kuwa kalenda kabisa, kule Ise wanajenga upya hekalu lao kila baada ya miaka 20, mara ya mwisho ilikuwa 2013, na hakuna anayewaambia kwamba hekalu lao ni feki.

Sisi ukoo wetu wa Ngeye ni nani? Kwa upande wa makuti, familia yetu ni babu, naye ana miaka 78 na magoti mabovu. Wajukuu tuko 11. Mmoja ni mwandishi, mmoja anauza anga kwa dakika tano tano, wengine mtajaza wenyewe. Hakuna hata mmoja anayeweza kushona kuti likashika maji.

Mdogo wangu hupenda kusema huko Ulaya na Marekani wameshahama zamani, sisi ndio tumebaki na vitu vya kushika. Si kweli yote. Ni kweli kwamba kwenye bustani ya Universal kule Hollywood kulikuwa na King Kong wa mitambo, likiumbo likubwa likitikisa gari la watalii, likaungua kwenye moto wa mwaka 2008, na mwaka 2010 wakaweka skrini za 3D badala yake. Kule Florida, papa wa Jaws aliyekuwa akichomoza majini alifungiwa Januari 2012. Kwa hiyo ana ushahidi. Lakini Disney wana nyumba ya mizimu waliyoifungua California mwaka 1969, na mizimu yake mikubwa inatengenezwa kwa kioo na taa, ujanja ambao Mwingereza John Henry Pepper aliuonyesha jukwaani London mwaka 1862. Kioo, taa na giza. Mpaka leo watu wanapanga foleni. Na wana dubu wa mitambo wanaoimba Florida tangu 1971. Mwaka 2024 waliwabadilishia nyimbo na nguo, dubu wenyewe wakabaki. Watu wenye pesa za kununua skrini zote za dunia waliona heri wamvishe dubu nguo mpya.

Mama yangu hahitaji mifano ya Marekani. Yeye ni mtoto wa Temeke wa enzi za vikundi vya sanaa. Mliozaliwa miaka ya 1990 kuja huku hamjui, ila kulikuwa na wakati ambapo kiingilio kimoja kilikununulia usiku mzima: ngoma, maigizo, sarakasi, mazingaombwe, halafu taarab mpaka viatu vivuliwe. Muungano walikuwepo, na kuanzia 1992 TOT ya marehemu Kapteni Komba ikaja kuwapa upinzani. Sarakasi zile zilikuwa na ukoo wake. Katikati ya miaka ya 1960 vijana 20 walipelekwa China wakafundishwa miaka kadhaa, wakarudi, na waliofuata wakajifunza kutoka kwao, mwili kwa mwili.

Mama anasimulia mazingaombwe ya ukumbi mmoja Temeke. Msanii alikata leso ya mama mmoja mbele ya watu, akaifinyanga, akairudisha nzima. Anasema onyesho lenyewe halikuchukua hata dakika tatu. Ugomvi ulichukua wiki. Kwenye bomba la maji, kwa muuza mihogo, ndani ya basi la UDA, kila mtu alikuwa na maelezo yake. Alikuwa na leso mbili. Hapana, yule mama wamepanga. Hapana, ni dawa za Bagamoyo. "Tulikuwa tunaangalia mikono yake hatupepesi," anasema.

Mwulize mtoto aliyevua miwani ya mdogo wangu ameona nini na kimefanyikaje. Atakuambia, "Ni kompyuta." Basi. Limeisha. Hakuna wa kubishana naye kwa sababu alikuwa peke yake mle ndani, na hakuna cha kubisha kwa sababu jibu ni moja kwa kila kitu. Sisemi haburudiki. Nimewaona wakipiga kelele za furaha. Nasema kwamba babu alipoingia kwenye msonge akainua macho, aliweza kufuata kila kamba ilikoanzia na ilikoishia, akaona kazi ya mwenzake wa mbali, mtu wa Kagera ambaye hawakuwahi kuonana, akasema, "Huyu alikuwa anajua." Miwani haina cha namna hiyo cha kumwonyesha fundi.

Wala msinielewe kwamba kila kilichochakaa kibaki. Mtaani kwetu kuna bembea ya kuzunguka, ya chuma, ambayo hufungwa sikukuu hadi sikukuu. Vyuma vimeliwa na kutu, boliti zimefungwa kwa waya, na watoto wa watu wanapandishwa juu kwa nguvu za mikono ya vijana wawili. Ile ikifa leo sitaililia. Zanzibar, uwanja wa kufurahishia watoto wa Kariakoo ulijengwa upya na mfuko wa hifadhi ya jamii, ZSSF, ukawekewa mitambo mipya, na sijasikia mzazi mwenye akili anayedai vyuma vya zamani virudi. Kitu kinachoweza kuua mtoto hakina hoja ya urithi. Na kipo kingine ambacho kimeshaondoka bila kutuuliza. Pale Msasani ulipo Ubalozi wa Marekani ndipo ilipokuwa sinema ya Drive-In, watu wakitazama filamu wakiwa ndani ya magari na wengine wakiwa wamekaa juu ya magari. Wazee wanaikumbuka kwa raha. Lakini filamu zenyewe hazikufa, ukumbi ndio uliokufa, filamu zikahamia kwingine. Msonge ukifa Kijitonyama hauna pa kuhamia. Simfahamu kijana yeyote Dar anayejua kuujenga.

Kwa hiyo upande wangu ni huu. Nyumba zibaki, na ziwashwe moto. Namaanisha moto halisi, kuni, mchana, mtu mzima akiwa amekaa pembeni na ndoo ya maji. Wageni watoke na harufu ya moshi kwenye nguo. Kuezeka kusifanywe kimyakimya siku ambayo hakuna wageni. Hilo ndilo onyesho lenyewe, watu walipe kuja kuliona, na wanafunzi wa ufundi wapande juu na fundi mzee. Msingi wa kufanya hivyo upo, kwani tangu miaka ya 1990 makumbusho yale yamekuwa na siku za utamaduni ambapo watu wa kabila fulani wanakuja na ngoma zao, vyakula vyao na mafundi wao, uwanja unakuwa wao. Ukitaka kujua tofauti ya nyumba yenye wenyewe na isiyo na wenyewe, nenda siku kama hiyo. Na faida nyingine ndogo, ambayo wakazi wenzangu wa Temeke mtaielewa haraka: mgao wa umeme ule wa mwishoni mwa 2023 ulipopamba moto, miwani ya mdogo wangu ililala kabatini siku nzima. Tembe la Wagogo halikuhitaji luku.

Mdogo wangu hajashindwa hoja, namjua. Ila amekuja na wazo, na nakiri ni zuri. Anataka kumrekodi babu akishona makuti, kwa kamera ile inayoona pande zote, ili mtu akivaa miwani awe kama amekaa mkekani mbele ya mikono yake. Tukampelekea babu wazo hilo Jumapili baada ya chakula. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba aelezwe tena hiyo kamera inakaa wapi. Halafu akatoa masharti. Yeye hashoni mbele ya chombo kisichoshona. Anataka fito 30 zilizonyooka, makuti mabichi ya kutosha, na wajukuu wawili wakae chini naye kuanzia asubuhi, mmoja wao akiwa mwenye kamera. Paa la banda lake la kuku linavuja upande wa kusini, na ndilo litakalofunikwa.

Fito zimepatikana kwa mtu wa Chanika. Tunaanza Jumamosi saa moja.